Je, wajua kompyuta yako inaweza kukuonyesha saa ya Kiswahili?

Fundi wa kuchapa wa Nasser Road, Kampala, akikwambia kadi zako za harusi zitakuwa tayari saa nane, unajua urudi baada ya chakula cha mchana. Muda huo ukifika, pembeni mwa skrini yake, chini kulia, pataandikwa 2:00 PM. Hakuna anayeshangaa. Tangu shuleni tumezoea kusoma mbili na kutamka nane, na Waganda nao hufanya vivyo hivyo wanaposema ssaawa munaana.

Kwa nini basi kompyuta isiandike nane? Inaweza, tena bila kununua wala kupakua programu yoyote. Unachohitaji ni kujua mji ambao mishale ya saa yake inalingana na saa yetu ya mdomo.

Mji huo ni Tokyo.

Hesabu yake ni hii. Uganda, Kenya na Tanzania Bara na Visiwani ziko saa tatu mbele ya UTC, yaani saa ya msingi ya dunia. Japani iko saa tisa mbele. Tofauti yetu na wao ni saa sita kamili, na saa sita ndiyo tofauti kati ya saa inayosomwa kwenye skrini na ile inayotamkwa mdomoni. Kampala ikionyesha 7:00 asubuhi, Tokyo ni 1:00, nasi twasema saa moja. Kampala ikionyesha 10:00 usiku, Tokyo ni 4:00, nasi twasema saa nne. Wajapani hawana desturi ya kusogeza saa mbele na nyuma kwa misimu, kwa hiyo ulinganifu huu hauvunjiki mwezi wowote wa mwaka.

Sita hiyo imetoka wapi? Imetoka kwenye jua. Sisi huanza kuhesabu mchana unapoingia, na tunaanza upya usiku unapoingia. Jambo hili linawezekana kwetu kwa sababu mstari wa Ikweta unapita hapa hapa, pale Kayabwe kwenye barabara ya Masaka ambapo wasafiri husimama kupiga picha. Mchana na usiku wetu karibu ni sawa mwaka mzima. Kampala jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, iwe Februari au Novemba. London wakati wa baridi kali jua hutoka baada ya saa mbili asubuhi, na kiangazi hutoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Kwa jua la namna hiyo, kuhesabu kutoka macheo kungewavuruga.

Huenda ukauliza kwa nini Kampala jua halitoki saa kumi na mbili barabara. Ni kwa sababu saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya 45 mashariki, ambayo inapita karibu na Mogadishu. Kampala iko kwenye 32.6 hivi, kwa hiyo jua hutufikia likiwa limechelewa karibu dakika hamsini. Mombasa hulipata takriban nusu saa kabla yetu.

Turudi kwenye kompyuta. Windows imekuwa na nafasi ya saa mbili za ziada tangu toleo la Vista la 2007, lakini nafasi hiyo imefichwa ndani ndani na wengi hawajawahi kuiona. Njia ya mkato ni hii: bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R. Kitafunguka kisanduku kidogo. Andika timedate.cpl kisha ubonyeze Enter. Litatokea dirisha la kizamani la tarehe na saa. Nenda kwenye kichupo cha pili, kinachoitwa Additional Clocks, utie alama ya vema kwenye saa ya kwanza, kisha utafute kwenye orodha mstari ulioandikwa (UTC+09:00) Osaka, Sapporo, Tokyo. Penye nafasi ya jina andika Kiswahili, halafu ubonyeze OK.

Ukiwa bado hapo, angalia kichupo cha kwanza. Mstari wetu kwenye orodha umeandikwa Nairobi. Kampala haimo, usijisumbue kuitafuta.

Sasa peleka mausi juu ya saa iliyo chini ya skrini bila kubofya. Kitatokea kibandiko chenye saa mbili, ya hapa na ile uliyoiita Kiswahili. Ikiwa kompyuta yako inaonyesha saa kwa mtindo wa 24, saa nane mchana utasoma 20:00 badala ya 8:00. Kuubadili mtindo huo, fungua tena kisanduku kile cha Windows na R, andika intl.cpl, halafu kwenye orodha ya mitindo ya saa fupi chagua ulioandikwa h:mm tt.

Kinachonifurahisha zaidi kiko kwenye jina la siku. Tokyo huingia siku mpya saa sita ya usiku wao, na hapa kwetu wakati huo ni saa kumi na mbili jioni. Alhamisi saa mbili usiku mjini Kampala, saa ile ya ziada itakwambia ni Ijumaa. Wala haijakosea. Kwa hesabu ya wazee wa pwani, na ya Waislamu popote walipo, siku huanza magharibi. Mwezi wa Ramadhani ukiandama jioni, tarawehe husaliwa usiku huo huo, kwa kuwa siku mpya imekwisha kuingia. Tokyo inatangulia adhana ya magharibi ya Kampala kwa muda mfupi tu, kati ya dakika 37 na zaidi kidogo ya saa nzima kutegemea mwezi.

Anayependa siku ianze alfajiri achague Buenos Aires badala ya Tokyo. Argentina iko saa tatu nyuma ya UTC, nayo pia inatofautiana nasi kwa saa sita, ila upande wa pili. Namba zitakuwa zile zile, lakini siku itabadilika saa kumi na mbili asubuhi. Kuna faida nyingine: kwenye saa ya Buenos Aires, AM inakuwa mchana wetu wote na PM usiku wetu wote. Kwenye ya Tokyo ni kinyume chake. Mimi ningemshauri mwalimu anayeonyesha wanafunzi aanze na Buenos Aires, kwa sababu inaeleweka haraka.

Haya yote yanawezekana kwa sababu kompyuta haihifadhi saa kama tunavyoisoma. Ndani yake kuna hesabu moja ndefu isiyojua Kampala wala Tokyo. Windows huhesabu vipande vidogo vya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1601, na mifumo ya jamii ya Unix huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970. Kinachoonekana kwenye skrini ni vazi tu lililovishwa hesabu hiyo, na ukanda wa saa ndio unaochagua vazi. Kuongeza saa ya Tokyo hakugusi hesabu ya ndani hata kidogo.

Ndiyo maana usikubali ushauri wa kurudisha saa kuu nyuma kwa mkono ili isomeke kwa Kiswahili. Hapo unaiharibu hesabu yenyewe. Namba za uthibitisho wa kuingia zinazotolewa na kompyuta hiyo, zile zinazobadilika kila nusu dakika, zitakataliwa, faili zitabeba muda wa uongo, na tovuti nyingine zinaweza kugoma kufunguka.

Ukiwa bado kwenye intl.cpl, yapo mapambo mengine. Orodha ya lugha ina Kiswahili cha Uganda, na chini ya nchi hiyo hiyo wamo pia Kiganda, Kisoga na Kinyankole. Chagua Kiswahili, kisha ufungue Additional settings, kichupo cha tarehe, na kwenye mtindo wa tarehe fupi ongeza dddd mwanzoni, na siku zitaanza kuandikwa Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Humo humo, kwenye kichupo cha saa, unaweza kufuta AM na PM ukaandika neno lako. Usiandike mchana na usiku, maana alama hizo hutumika kwa saa zote mbili na moja itakuwa inakudanganya.

Wenye Ubuntu yenye GNOME waongeze Tokyo kwenye programu ya saa, nayo itajitokeza chini ya kalenda. Kwenye Mac, tangu toleo la 2023, saa ya mji mwingine inaweza kukaa juu ya eneo-kazi lenyewe.

Na sekunde je? Windows 11 inaruhusu kuzionyesha kwenye saa ya chini, kupitia mipangilio ya taskbar. Matoleo ya majaribio ya Windows 95 yalikuwa na nukta mbili zinazopepesa kwenye saa hiyo, zikaondolewa kwa sababu kuichora saa upya kila mara kulizielemea kompyuta zenye kumbukumbu ya megabaiti 4. Leo uwezo upo, lakini Windows yenyewe inaonya hapo hapo kwamba sekunde hula umeme zaidi. Umeme wa ukutani ukikatika na laptopu ikabaki na betri, zizime.