Foklifti ya mkono unaorefuka: tunayoambiana saiti na ukweli wake

Mafinga, ambako mbao na nguzo za msitu wa Sao Hill zimejaa kila yadi, foklifti yenye mkono unaorefuka ni mashine ya thamani sana. Inasikitisha kwamba opereta vijana hurithi uongo kuihusu, na uongo wenyewe ni wa kuua.

"Imeandikwa tani 4, basi inabeba tani 4."

Inabeba, mkono ukiwa umerudi ndani na mzigo uko karibu. Egemeo la mashine ni magurudumu ya mbele. Uzito wa nyuma ndio unaoizuia isipinduke. Sasa piga hesabu: tani 1 iliyo mita 8 mbele ya egemeo inaivuta mashine sawasawa na tani 4 zilizo mita 2. Ndiyo maana mashine ya tani 4, mkono ukinyooshwa mbele hadi mwisho, huweza kubakiwa na uwezo wa kilo mia kadhaa tu. Ndani ya kabini kuna jedwali linaloonyesha kilo zinazoruhusiwa kwa kila urefu na pembe ya mkono. Lisome kabla ya kunyanyua. Na usikadirie mzigo kwa macho: paina iliyokatwa leo inaweza kuwa na maji yenye uzito sawa na mbao yenyewe ikishakauka. Bando lilelile, uzito mara mbili.

"Ni foklifti ya ghalani iliyoongezewa mkono."

Ile ya ghalani hupandisha mzigo wima, kwenye sakafu iliyo sawa. Hii mkono wake umefungwa nyuma: silinda moja ya haidroliki huuinua, nyingine husukuma vipande vya ndani vitoke, nyingine huinamisha uma, yaani yale meno ya mbele yanayobeba mzigo. Nyingi hukata kona kwa magurudumu yote manne, na zinaweza kwenda kimshazari kama kaa. Kampuni ya Uingereza ya JCB ilitoa mashine yake ya aina hii, Loadall, mwaka 1977, na mpaka leo wajenzi na wakulima wanazitumia mashine za aina hii. Ukitoa uma unaweka ndoo ya kuzolea mchanga au mahindi, au kibano cha magogo.

"Matairi makubwa hayaogopi mteremko."

Kwa Iringa yetu ya vilima, hii ndiyo inayonitia hofu zaidi. Jedwali la kabini limepigwa kwa ardhi tambarare na ngumu. Mzigo ukiwa mita 10 juu, mashine ikilala pembeni digrii 5 tu, mzigo unahama karibu sentimita 87. Masika tairi moja likizama kwenye tope, matokeo ni yaleyale. Tembea mkono ukiwa chini na umerudi ndani. Kama mashine ina miguu ya kushusha ili isiyumbe, itandikie miguu hiyo mbao nene.

"Fundi apande tu kwenye uma, ni dakika moja."

Hapana. Mtu hupandishwa kwa kikapu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kwenye mashine iliyoruhusiwa kukibeba.

"Kengele ya kuonya kwamba mashine inakaribia kupinduka ikilia, shusha mkono."

Wengi hufanya hivi kwa nia njema kabisa. Lakini mkono uliorefuka ukishushwa kutoka juu, mzigo unasogea mbele zaidi, na mashine inakwenda nao. Mashine nyingi za sasa hujifunga zenyewe hapo na kukuachia kurudisha mkono tu. Kama yako haijifungi, mpangilio ni huohuo: rudisha mkono ndani kwanza, kisha shusha, na watu wote wawe mbali na upande wa mbele.