Kiraka kinafanya kazi, ndiyo. Kadi umeichomoa?

Nimeandikiwa tena, kwa mara ambayo sitaki kuihesabu: "Nimekijaribu kwenye mashine yangu, kinafanya kazi, mbona hukipitishi?" Kiraka chenyewe, yaani mabadiliko ya msimbo niliyoletewa nikague, ni cha draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya PCIe, ile inayochomekwa ndani ya kompyuta, katika Linux, mistari kama sitini. Ndugu yangu, kwamba kadi inawaka umeshaliona mwenyewe, hunihitaji mimi. Kazi yangu ni kusoma kule ambako jaribio lako halikufika.

Madogo tuyamalize haraka. Usilale ukiwa umeshika spinloku, kufuli ambayo wengine huingoja wakizunguka papo hapo. Usiombe kumbukumbu kwa GFP_KERNEL, ombi linaloweza kulala, ndani ya handla ya intarapti, yaani msimbo unaoitwa kifaa kinapobisha hodi kwa CPU. Pitisha checkpatch, skripti ya kukagua mtindo wa msimbo, kabla hujanitumia. Basi.

Sasa linaloniumiza kichwa. Watu wameigundua familia ya devm_ (funksheni za kerneli, kiini cha Linux, zenye majina yanayoanza hivyo) na kuifanya dawa ya kila ugonjwa. Ni nzuri kweli: ukiomba rasilimali kupitia kwake, kerneli huirudisha yenyewe draiva inapoachana na kifaa, na iliyoombwa mwisho ndiyo hutangulia kutolewa. Hapo ndipo ilipozuka imani kwamba ukishanyunyiza devm_, usafi umekwisha. Haujakwisha! Kwenye kiraka hiki intarapti imeombwa kwa devm_request_irq, lakini bafa, kumbukumbu ya kuwekea data, inaachiliwa kwa mkono, kwa kfree, ndani ya remove, funksheni inayoitwa draiva inapoondolewa. Fuata mpangilio: remove hutangulia, bafa inakufa, zamu ya devm huja baadaye. Katikati hapo intarapti ingali hai. Ikibisha hodi, handla inaandika kwenye kumbukumbu ambayo pengine imeshapewa mwingine. Hukuiona kwa sababu hukuiondoa draiva data ikiwa inapita. Na hata ungeiondoa mara mia, ufa ule mwembamba huenda usikuangukie hata mara moja.

Usinijibu kwamba remove inazima intarapti kwenye kadi kwanza. Inazima, sawa. Lakini handla yaweza kuwa tayari inakimbia kwenye CPU nyingine. Tena ulichoandika kwenye rejista (visanduku vya amri na hali ndani ya kadi) kupitia PCIe hakisubiriwi kifike. CPU inaendelea na safari zake, na huna hakika kimefika mpaka usome kitu kutoka kwenye kifaa hichohicho. Na kama laini ya intarapti ni ya kushirikiana, kifaa jirani kitaiamsha handla yako huku kadi yako imelala fofofo. Washa CONFIG_DEBUG_SHIRQ, chaguo la kerneli la kusaka hitilafu, uone: unapoiachia laini ya namna hiyo, kerneli huiita handla yako kwa makusudi, kukupima.

Tukiwa hapohapo kwenye kuchomoa: rejista ya kadi isiyokuwepo kwa kawaida husomeka 0xFFFFFFFF, yaani biti zote moja. Kitanzi chako kinachongoja biti ya "nina shughuli" izimike kitangoja mpaka kiama. readl_poll_timeout ipo, husoma tena na tena lakini kwa muda wenye kikomo, itumie.

Ila nami nikiri. Kadi hiyo sina. Mara nyingi nakagua draiva ya kifaa nisichowahi kukishika, pengine hata waraka wake haujatolewa kwa umma. Mstari unaosema "ngoja milisekunde 20" naupokea kwa imani. Ulikokotolewa, au mtu aliongeza namba mpaka tatizo likanyamaza? Nikiuliza naambiwa "bila huo haiwaki", nanyamaza mimi. Vizuizi vya mpangilio wa kumbukumbu (amri zinazozuia usomaji na uandishi kupangwa upya) ndivyo kabisa: kila mara narudi kwenye nyaraka kama mwanafunzi, na bado nimewahi kupitisha hitilafu iliyokuwa mbele ya macho yangu. Reviewed-by yangu, saini ya mkaguzi kwenye kiraka, inasema nimesoma kwa makini na sina pingamizi. Haisemi kwamba draiva haina kasoro.

Kwa hiyo kiraka bado kiko kwangu. Iombe bafa kwa devm_kzalloc, kabla ya intarapti, ili intarapti itangulie kuondoka. Halafu kwenye toleo la pili uniandikie ilikuwaje ulipoichomoa kadi ikiwa kazini.