Vichwa vya Viluwiluwi Kwenye Tope la Aktiki

Anayekaa Mwanza au Kisumu ameyaona mawingu ya wadudu yakiinuka ziwani kama moshi, hadi mengine yanaingia kwenye chai. Miongoni mwao wamo kironomidi, visubi wasiouma. Jamii hiyo imefika hadi Aktiki, ambako viluwiluwi wake huishi kwenye tope chini ya barafu. Katika vidimbwi vya Barrow (sasa Utqiaġvik), Alaska, imeonekana kwamba baadhi yao huchukua miaka 7 kabla ya kuota mbawa.

Sisi wa mashapo, tunaosoma tope la kale la maziwa ili kujua hali ya hewa ya zamani, tunatafuta kichwa. Kiluwiluwi akijivua, gamba la kichwa, gumu kwa kaitini (dutu ya magamba ya wadudu), hubaki topeni maelfu ya miaka. Maabara tunapasha tope moto kidogo na kemikali ya potasiamu haidroksaidi, tunalichuja kwenye chujio la matundu madogo mno, kisha tunainamia hadubini na kibano, tukiokota kimoja kimoja kama mtu anayechambua mchele. Shingo inauma, nakiri. Chini ya vichwa 50 hatusemi neno. Aina huijua kwa mstari wa meno ulio chini ya mdomo: mengine butu, mengine kama msumeno.

Watu hukimbilia kuuliza joto la enzi hizo lilikuwa nyuzi ngapi. Mimi huuliza kwanza tope lilichotwa sehemu gani ya ziwa. Kisubi aitwaye Heterotrissocladius hupenda maji baridi yenye oksijeni ya kutosha. Chironomus, mwekundu kwa himoglobini, huvumilia tope lenye oksijeni haba. Wengine hawatoki kandokando, penye mimea. Vichwa vingi hubaki karibu na alipoishi mwenyewe, japo mawimbi husukuma baadhi hadi kilindini. Sasa maji yakipungua, wadudu wa kandoni huongezeka kwenye sampuli za katikati, na mtu mwenye haraka, akidhani hiyo ni dalili ya joto, atatangaza kwamba dunia ilipata joto.

Kwa hiyo tunataka shahidi wa pili, asiye mdudu. Kwenye ziwa CF8, kisiwa cha Baffin, Kanada, alipatikana. Ziwa hilo lina kina cha mita 10 hivi, na tope lake limehifadhi kumbukumbu za miaka 200,000, kwa sababu barafu kuu iliyolifunika iliganda palepale bila kulikwangua. Utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba visubi wapenda baridi walianza kupungua ghafla karibu 1950, na diatomu (mwani mdogo mno) pamoja na kemia ya tope vikabadilika pia. Aina mbili za baridi kali zaidi hazipo tena kwenye tope la juu. Ukizitaka, shuka chini.