Fimbo inayolinda tangi la sola

Juzi niliitwa Kiamunyi, hapa Nakuru. Mama mwenye nyumba alikuwa ameniwekea maji ya moto kwenye beseni, yana rangi ya chai. “Fundi, ona mwenyewe. Ya baridi yanatoka safi.”

Maji ya moto yakitoka na kutu na ya baridi ni safi, tatizo liko ndani ya tangi. Nilipanda paani kwenye sola yake ya kupasha maji, nikafungua nati ya fimbo ya magnesiamu, aina ya metali, inayokaa ndani ya tangi. Ilitoka waya mtupu. Tangi lilikuwa limeanza kuliwa.

Ukinunua sola utaambiwa habari za jua na lita. Fimbo hii haitajwi. Magnesiamu huliwa na maji kwa urahisi kuliko chuma, kwa hiyo ikiwa mle ndani maji huanza nayo na tangi hupona. Ikiisha, zamu ni ya chuma. Mimi huikagua kila mwaka, na kwa nyumba zenye maji ya chumvi ya kisima, kila miezi sita. Ikibaki nusu ya unene wake, naibadilisha. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na tangi jipya, na inaniuma kila ninapomwambia mtu anunue tangi ambalo lingeokolewa.

Kazi ya kukagua fimbo na kusafisha tangi ifanywe alfajiri. Zima umeme wa elementi (kichemshio cha umeme kilicho ndani ya tangi), funga maji yanayoingia, kisha fungulia tangi mpaka maji yatoke bila tope. Elementi ikiwa na gamba jeupe kama la birika, ilowekwe kwenye siki. Usiikwangue kwa kisu.

Lijaze tangi kabla jua halijapiga tyubu za kioo zinazopasha maji. Ukichelewa, zifunike kwa turubai na usubiri jioni. Tyubu tupu iliyochomwa na jua la saa sita ikipokea maji baridi hupasuka pale pale, na vioo vikianguka kutoka paani vinaweza kumuumiza mtu aliye chini.

Tyubu zenyewe hazina kazi kubwa: futa vumbi, hasa Januari hadi Machi, na utazame ncha zake za chini. Rangi ya fedha ni salama. Ikigeuka nyeupe, hewa imeingia na tyubu hiyo haihifadhi joto tena.

Yule mama nilimwachia fimbo mpya, nikaandika tarehe kwa rangi ubavuni mwa tangi. Nitarudi Januari kuikagua.