Wimbo wa jadi una mwenyewe?

Mtu akisema "huu ni wimbo wa jadi", mara nyingi ana maana kwamba mtunzi hajulikani, kwa hiyo hakuna wa kumwomba ruhusa wala wa kumlipa. Kisheria huenda hajakosea. Hakimiliki humlinda mtunzi anayetambulika, tena kwa muda maalumu. Wimbo uliopokezanwa vizazi na vizazi kwa kawaida haumo. Swali la maadili ni jingine: ni akina nani wanaouimba kama wao, na huuimba kwa ajili gani?

Neno "jadi" lenyewe limewahi kumfuta mtu. Mwaka 1939 Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini, alirekodi "Mbube" mjini Johannesburg. Sahani ya santuri ikafika Marekani, kundi la waimbaji la The Weavers likauchukua wimbo huo kana kwamba ni wa kiasili. Walisikia "uyimbube" kuwa "wimoweh", na kosa hilo la sikio likageuka jina la wimbo. Mtunzi akaandikwa Paul Campbell, ambaye hakuwapo duniani: lilikuwa jina la kubuni la wanakundi wenyewe. Linda alikuwa hai wakati huo wote. Alifariki mwaka 1962, fukara, na familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006.

Kuimba wimbo wa watu wengine si wizi. Nyimbo zimehama pamoja na mabaharia, wafungwa na mabibi arusi tangu zamani, na nani angezizuia? Kwaya inayojifunza maneno, ikauliza maana yake na kutaja ulikotoka wimbo, sioni kosa lake. Ninachokitilia shaka ni kuigiza sauti na mavazi ya wenyewe ili watazamaji wacheke, au kurekodi na kuuza huku jamii husika haitajwi hata kwenye jalada.

Zipo pia nyimbo zisizoombwa. Miongoni mwa wenyeji wa asili wa Australia kuna nyimbo za wanaume peke yao na nyingine za wanawake peke yao, na hata ndani ya jamii hiyo si kila mtu anaruhusiwa kuzisikia. Hapo kumtaja mwenyewe hakusaidii, wala kumlipa. Ukiambiwa wimbo huu hauimbwi nje, tafuta mwingine.