Je, wajua? Baiskeli ya mikono haiendeshwi kwa mikono pekee

Ipo picha ya Septemba 2012 iliyozunguka dunia nzima. Mwanamume asiye na miguu ameketi juu ya lami, na kwa mkono mmoja ameinua baiskeli ya magurudumu matatu juu ya kichwa chake. Huyo ni Alex Zanardi wa Italia, dereva wa zamani wa langalanga, muda mfupi baada ya kunyakua dhahabu ya Paralimpiki jijini London akiwa na umri wa miaka 45. Anayeitazama picha hiyo huondoka na jibu moja: kumbe siri ni mikono. Jamaa ana mikono ya chuma, basi.

Jibu hilo linapendeza, lakini kwa sehemu kubwa si sahihi.

Historia yake kwa ufupi. Zanardi alizaliwa Bologna mwaka 1966. Katika langalanga hakufua dafu. Marekani ndiko alikong'ara, akatwaa ubingwa wa CART, mashindano ya magari ya mbio ya huko, mara mbili mfululizo, 1997 na 1998. Tarehe 15 Septemba 2001, kwenye uwanja wa Lausitz nchini Ujerumani, zikiwa zimesalia raundi 13, gari lake liliteleza akitoka kwenye kituo cha kujaza mafuta, likazunguka na kuingia njiani. Gari la dereva mwenzake Alex Tagliani, lililokuwa katika kasi kamili, likamgonga ubavuni. Miguu yote miwili ilikatika na karibu robo tatu ya damu yake ikamwagika. Mwaka 2003 alirudi Lausitz akazimaliza zile raundi 13 katika gari lililorekebishwa, kisha akarejea mashindanoni na BMW na kushinda mbio nne za ubingwa wa dunia wa magari ya saluni. Baiskeli ya mikono aliishika kwa dhati mwaka 2007, alipoingia New York Marathon baada ya mazoezi ya wiki chache tu na kumaliza wa nne katika kundi lake. Miaka mitano baadaye akabeba dhahabu mbili na fedha moja London.

Sasa turudi kwenye mikono. Dhana hii ina mizizi mitatu, na kila mmoja unastahili kung'olewa peke yake.

Wa kwanza ni kwamba dereva wa magari ya mbio hukaa tu, gari ndilo linalofanya kazi, kwa hiyo kilichobaki kuwa na nguvu kwake ni mikono inayoshika usukani. Ukweli ni kwamba dereva wa kiwango hicho huendesha mapigo ya moyo yakiwa juu ya 150 kwa dakika, tena kwa muda mrefu, ndani ya joto kali, huku shingo na kiwiliwili vikipambana na msukumo wa kona unaozidi uzito wake mara kadhaa. Zanardi aliingia kwenye baiskeli akiwa na moyo na mapafu ya mwanamichezo.

Wa pili ni picha yenyewe. Baiskeli ile imeundwa kwa nyuzi za kaboni. Ni nyepesi mno. Kuiinua kwa mkono mmoja ni tambo zuri mbele ya kamera, lakini haithibitishi kwamba siri yake yote iko mikononi.

Wa tatu ndio wenye matatizo zaidi: kwamba mtu asiye na miguu hutumia mikono, na baiskeli hii ina pedali za mikono, kwa hiyo mwenye mikono minene ndiye mshindi. Misuli ya mikono ni midogo. Kwa mtu wa kawaida, oksijeni anayoweza kutumia akizungusha pedali kwa mikono ni kama asilimia 70 tu ya ile anayotumia kwa miguu, kwa sababu misuli yenyewe huchoka kabla moyo haujafika kikomo chake. Aliyetegemea mikono mitupu angeungua mabega dakika chache baada ya kipenga, na mbio za muda binafsi za London (ambapo kila mmoja hushindana na saa peke yake) zilikuwa za kilomita 16.

Nguvu inatoka wapi, basi?

Fikiria gari lililozimika barabarani na watu wanne wanalisukuma. Mgeni wa kazi hiyo hukunja viwiko na kusukuma kwa mikono. Gari halijongei, naye anahema. Mzoefu hunyoosha mikono ikawa kama miti miwili, akalaza mwili wote mbele, na gari linaanza kutembea. Mikono yake haisukumi chochote. Inapitisha tu uzito wa mwili kutoka kifuani hadi kwenye bodi la gari. Akitaka kuongeza nguvu hakazi mikono, anazidi kuinama. Na kama mgongo wake ungekuwa hauna nguvu ya kumshikilia akiwa ameinama, uzito huo wote usingemfaa kitu, maana angejimwaga chini.

Baiskeli ya Zanardi ilifanya kazi hivyo hivyo, mzunguko baada ya mzunguko. Aliiendesha akiwa amepiga magoti (naam, amepiga magoti bila magoti: alisimama juu ya vipande vya mapaja vilivyobaki, vikiwa vimebanwa ndani ya kikalio). Pedali zikiwa juu, kiwiliwili chake kilikuwa kimeinuka. Zikielekea mbele na chini, alikiangusha juu yake, na uzito wa kifua, tumbo na mabega ukashuka kupitia mikono. Kisha misuli ya mgongo ikamvuta nyuma na juu, na safari hiyo pia ikazalisha nguvu. Ukimtazama kwa ubavu unaona mgongo unaoinama na kuinuka bila kukoma, huku mikono ikifuata.

Ndiyo maana pedali hizo husukumwa kwa pamoja, jambo linalowashangaza wengi. Baiskeli ya miguu hupishanisha, kulia kushoto, kulia kushoto. Ya mikono huzungusha mikono yote miwili kwa wakati mmoja. Sababu ya kwanza ndiyo hiyo ya kiwiliwili: hakiwezi kuangukia mikono miwili inayokwenda njia tofauti. Sababu ya pili ni usukani. Pedali zimefungwa kwenye uma wa gurudumu la mbele, kwa hiyo kinachokupa mwendo ndicho hicho hicho kinachokupa mwelekeo. Ukisukuma kwa kupishanisha, kila msukumo ungelivuta gurudumu upande mmoja, na ungesafiri kama mlevi. Mikono ikisukuma pamoja, mivutano hiyo inafutana. Majaribio ya maabara kwa jumla yanaunga mkono mtindo wa pamoja kuwa unapoteza nguvu kidogo zaidi, ingawa mengi yalihusisha watu wachache, na baadhi ya watu hao hawakuwa na ulemavu wowote. Kwa wanariadha wa daraja la juu ushahidi ni mwembamba; wao wamepiga kura kwa kutumia baiskeli zao.

Hapa ndipo unapoonekana undani wa ajali ya 2001. Iliondoa miguu lakini ikaacha uti wa mgongo mzima. Mtu aliyepooza kuanzia kifuani anaweza kuwa na mabega mapana kuliko Zanardi na bado asiweze kuinama na kujiinua, kwa kuwa misuli ya tumbo na mgongo haipokei amri. Ndiyo sababu mashindano yamegawanywa katika madaraja, kuanzia H1 (wenye ulemavu mkubwa zaidi) hadi H5 (wenye ulemavu mdogo zaidi). Wa H1 hadi H4 huendesha wakiwa wamelala chali. H5 hupiga magoti. Na si suala la kuchagua: mwenye uwezo wa kupiga magoti katika daraja hilo lazima apige magoti, hata kama kulala kungempunguzia upepo. (London daraja hilo liliitwa H4, jina limebadilika, mkao ni uleule.)

Je, udereva ulimsaidia? Hapa lazima mtu atembee taratibu, maana mfano ni mmoja, na mfano mmoja hauthibitishi kanuni. Mbio za London zilifanyika Brands Hatch, uwanja wa magari, na ni vigumu kuamini kwamba mtu aliyetumia maisha yake kutafuta njia fupi ndani ya kona hakupata chochote hapo. Kilicho wazi zaidi ni ufundi. Katika gari la BMW alikuwa akitoa mafuta kwa pete iliyozunguka usukani, na kukanyaga breki kwa mguu bandia akiusukuma kwa nyonga. Mtu wa aina hiyo hapokei chombo kama kilivyo. Kwa Rio 2016 alifanya kazi na Dallara, watengenezaji wa magari ya mbio wa Italia, kuunda baiskeli iliyoufuata mwili wake. Huko alishinda mbio za muda binafsi kwa tofauti ya chini ya sekunde 3 katika kilomita 20, akiwa na miaka 49, kisha akaongeza dhahabu ya kupokezana pamoja na Vittorio Podestà na Luca Mazzone, na fedha ya mbio za barabarani. Katika pengo la sekunde 3, kikalio kilichokaa vizuri si jambo dogo, ingawa hakuna atakayeweza kusema kilichangia ngapi.

Safari yake ya mashindano ilikatishwa Juni 2020, alipogongana na lori karibu na Pienza, Toscana, akiwa juu ya baiskeli, na kuumia vibaya kichwani.

Huwa analinganishwa na Billy Monger wa Uingereza, dereva kijana aliyepoteza miguu yote miwili kwenye ajali ya mbio katika uwanja wa Donington mwaka 2017. Wote wawili wamemaliza Ironman ya Kona, Hawaii: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha marathoni. Zanardi, mwaka 2014, alitumia chini ya saa 10. Monger, mwaka 2024, zaidi ya saa 14. Anayesoma namba hizo peke yake atadhani mmoja alimwacha mwenzake mbali. Lakini Zanardi alitumia baiskeli ya mikono na kumalizia kwa kiti cha magurudumu, wakati Monger alikanyaga pedali na kukimbia kilomita 42 kwa miguu bandia. Ni michezo miwili tofauti iliyofanyika kwenye barabara moja.