Kifua Kimetulia, Uvimbe Bado Upo: Protini za Kinga Katika Pumu

Mgonjwa wa pumu akivuta salbutamol, ile inhela ya bluu, misuli iliyobana mirija ya hewa hulegea ndani ya dakika chache. Anapumua, anashukuru Mungu, anairudisha mfukoni. Lakini kilichofanya misuli ibane kingali palepale, kwa sababu salbutamol haikigusi.

Ukuta wa mirija ya mtu mwenye pumu huwa umevimba hata siku ambazo hakohoi. Uvimbe huo huendeshwa na protini ndogo ziitwazo saitokini, ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari: seli moja huitoa, nyingine huipokea na kubadili mwenendo wake. Bila saitokini tungeshindwa na kila kijidudu. Shida ya pumu ni kwamba habari ya hatari hupelekwa hata pale ambapo aliyeingia ni vumbi la godoro, chavua au uchafu wa mende.

Wa kwanza kupiga kelele ni utando wa ndani wa mirija yenyewe. Ukikwaruzwa na virusi vya mafua au moshi wa mkaa, hutoa protini za tahadhari, zikiwemo TSLP na interlukini-33. Hizo huamsha seli nyeupe ambazo nazo hutoa saitokini nyingine: interlukini-4, 5 na 13. Ya 4 huchochea utengenezaji wa kingamwili aina ya IgE, zinazohusika na mzio. Ya 5 huita eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu, kutoka kwenye uboho, na zikishafika huzizuia zisife mapema. Ya 13, ambayo kwangu ndiyo msumbufu mkubwa, huongeza ute mzito na kuifanya misuli ibane kwa kichocheo kidogo tu, kama hewa ya baridi au harufu ya manukato. Hali hii ikiendelea miaka, ukuta huota kovu, misuli hunenepa, na mirija haifunguki tena kama zamani.

Inhela yenye steroidi, kama budesonide au beclometasone, hufanya kazi hapa hasa: huingia ndani ya seli na kupunguza utengenezaji wa saitokini hizo. Kwa kuwa haileti nafuu papo hapo, wengi huiona haina nguvu na kuiacha. Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA uliacha kupendekeza salbutamol peke yake kwa watu wazima na vijana wenye pumu. Kwa maoni yangu, ulichelewa. Mwaka huohuo, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, pumu iliua watu 455,000.

Kuna pia sindano zinazolenga protini mojamoja. Mepolizumab huizuia interlukini-5. Matokeo ya jaribio lake la mwaka 2000 yalikatisha tamaa: eosinofili zilipungua kwenye damu, mirija ikabaki vilevile. Wengine wakaanza kusema eosinofili zimesingiziwa. Mwaka 2009 watafiti waliwapa dawa hiyohiyo wagonjwa ambao eosinofili zao zilikuwa nyingi licha ya steroidi, na safari hii mashambulizi yakapungua. Marekani iliiidhinisha mwaka 2015. Tatizo halikuwa dawa bali wagonjwa waliochaguliwa, kwani pumu si ugonjwa wa namna moja. Wapo ambao uvimbe wao huongozwa na seli nyingine, nyutrofili, na kwao steroidi husaidia kidogo. Mwaka 2021 ilifuata tezepelumab, inayoizuia TSLP huko juu kabisa mlolongo unakoanzia. Bei ya sindano hizi bado ni kubwa mno kwa wagonjwa wetu wengi.

Kupima eosinofili hakuhitaji mashine ya ajabu. Idadi yake huonekana kwenye picha kamili ya damu. Ila huku kwetu majibu hayo yana mtego: minyoo na kichocho navyo huamsha interlukini-5, na eosinofili hupanda hata kwa mtu asiye na pumu. Kwa hiyo daktari akiagiza kipimo cha choo kwa mtu aliyekuja kulalamikia kifua, hajachanganya mafaili. Na kwa wale wachache wanaopangiwa sindano, minyoo ikikutwa hutibiwa kwanza.